Sana Niliyomwambia Kadhi

Nikisikia harufu ya udi kwenye nguo iliyopigwa pasi, hadi leo huikumbuka asubuhi moja ya utotoni. Asubuhi ile bibi, mama yake mama, alinisimamisha juu ya chetezo nyumbani kwetu Ansab, mtaa wa Maskati, akanifukiza gauni na nywele utadhani naenda harusini. Kumbe tunakwenda mahakamani. Ilikuwa miaka ya tisini, wiki za mwisho za likizo ya joto, nami nilikuwa na miaka minane. Baba na mama walikuwa wameshaachana, na baba alikuwa amepata kazi Abu Dhabi, ng'ambo ya mpaka. Alitaka anichukue nikasome huko. Mama alisema mtoto hatoki Maskati. Kwa miezi walisemezana kwenye simu tu, na kila mmoja alinisifia skuli yake mpaka nikazichukia zote mbili.

Kadhi alikuwa mzee mpole, mtu wa Oman ya ndani. Aliwatoa wote nje, akanipa tende, akaniuliza kwa Kiarabu kama nataka kukaa na mama. Kiarabu nilikijua vizuri, ila woga ulinirudisha kwenye Kiswahili cha jikoni kwetu. Nikakubali, "Aywa, sana." Akainua nyusi. "Sana?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa mara tatu, nimefurahi kwamba mzee kumbe Kiswahili anakijua.

Alipowaita wazee wangu na bibi aliwaambia kwamba mtoto ameomba akae na mama yake mwaka mmoja, kisha ahamie kwa baba. Baba uso ulimchangamka. Mama alinivuta kwake, akanishika mkono kwa nguvu. Nilijua nimeharibu jambo, lakini sikujua lipi. Bibi ndiye aliyeinama akaninong'oneza, "Mwanangu, umemjibu nini hasa?"

"Nimemwambia sana, bibi."

Bibi alijiziba mdomo kwa ushungi, mabega yanamtikisika kwa kicheko. "Yaarabi! Huyu kasema sana yetu, sheikh kasikia sana yao!" Akamgeukia kadhi, akamweleza kwa Kiarabu kwamba sana kwao ni mwaka, lakini kwetu ni kupita kiasi. Kadhi akacheka mpaka miwani ikamteleza. Mama akacheka huku analia. Nikamtazama baba, maana yeye ndiye aliyekuwa ananikosa, naye akaanza kucheka, polepole, kisha akajifuta macho. Nilimwonea huruma, na nilimpenda vibaya sana. "Khalas, yaishe," akamwambia mama, mara ya kwanza baada ya miezi kumsemesha uso kwa uso. "Na akae kwako. Mimi nnakuja kila wiki, na likizo zote aje kwangu." Mama akakubali, na kadhi akaandika hivyo hivyo.

Akaja kweli. Kila Jumatano jioni gari lake lilisimama mlangoni limejaa vumbi la njia, na Alkhamisi, siku ya mapumziko enzi hizo, tulikwenda pwani ya Qantab kuogelea, yeye akinishika kiuno na kudai kwamba naogelea mwenyewe. Likizo nilikuwa Abu Dhabi. Nilikuwa na vitanda viwili, miswaki miwili, na wazee wawili walioulizana habari zangu kwa adabu zaidi kuliko walipokuwa nyumba moja. Watu hunitazama kwa huruma nikiwasimulia, nami huwaambia wasijisumbue, nililelewa kwa raha.

Sasa mama yupo kwake, mtaa wa pili, na mimi nina wanangu hapa hapa Ansab. Njia ya Abu Dhabi imekuwa pana, na safari iliyokuwa ikimchosha baba naimaliza nikipiga soga. Ndiyo niliyoipita mwaka juzi kwenda kumchukua. Amestaafu, magoti hayamtii tena, na chumba cha mbele nyumbani kwangu kilikuwa kinamngoja. Alipoingia na sanduku lake, binti yangu alimuuliza, "Babu, utakaa kwetu?"

"Sana," akajibu, akanitazama.

Sikumuuliza kwa lugha gani. Mwaka ulipotimia na baba bado yupo kwetu, nililichukua lile sanduku tupu nikampa jirani.