Printa ya Sebuleni kwa Shemeji

Na mie nikajiita fundi! Shemeji, mume wa dada yangu, ana kompyuta mbili pale Mbezi Beach: mpya ya Dubai iko sebuleni, mtumba wa Ulaya uko chumbani. Mifumo tofauti, hazisikilizani kama wake wenza. Nikajigamba kwamba ya chumbani itatumia printa ya sebuleni, walikoketi wazee waliokuja kumposa mpwa wangu. Kwa majaribio nikaandika, "Muoaji ana kichwa kama kifuu," nikatuma. Kimya. Nikatuma tena na tena huku nikizitukana mashine. Kwenda kuitazama printa niliona ni kazi ya washamba.

Shemeji akaja mlangoni. "Fundi, karatasi tu zilikuwa zimeisha. Nimeweka nyingine, zimetoka kibao, kazichukua baba wa muoaji. Hana miwani, njoo umsomee."