Sumaku za Silima

Kwa miaka thelathini Silima Kheir alitengeneza redio na spika nyumbani kwake Mwanakwerekwe, na betri za gari zilizokufa akizipasulia uani, hatua sita kutoka kisimani. Mtaa mzima ulichota hapo. Vipimo vilipoonesha kuwa maji yana risasi, sumu itokayo kwenye betri, kisima kikafunikwa bati, na hakuna aliyemlaumu kwa mdomo. Jirani yake Pandu tu, kila akirudi na madumu yake kutoka mbali, huligonga bati lile kwa kidole, ngo, ngo, akaenda zake.

Siku moja Tahiya, mtoto wa dada yake anayefanya utafiti chuoni, alikuja na mkebe wa unga mweusi.

"Shikamoo mjomba. Unga huu una chuma, na risasi huugandia. Sasa nautoaje majini? Nnataka sumaku yenye nguvu."

"Marahaba. Sumaku tu?" Silima alicheka. Chini ya kitanda alikuwa na spika mbovu arubaini.

Wakang'oa sumaku nne kwenye spika, wakazifunga kwa mpira, wakatia unga kwenye ndoo ya maji ya kisima, wakakoroga saa nzima. Silima alipozigusisha ubavuni mwa ndoo, weusi wote ulizikimbilia kama kuku walioona mtama. Maji yakabaki maangavu. Tahiya akaukusanya unga wake mkebeni, akaacha chupa ya kioo ijazwe kwa ajili ya maabara.

Kesho yake alirudi, akaifungua, akanusa. "Mjomba, mmetia nini humu?"

Mkewe Silima, Bi Shemsa, akachungulia kutoka jikoni, chetezo mkononi. "Nimeifukiza ubani kabla mjomba wako hajaijaza. Maji yatoke kwangu yende kwa watu, yasinukie?"

"Bi Shemsa, wale wa maabara hawanywi. Wanapima."

Wakaanza upya, na safari hii Silima aliikumbatia chupa mpaka Tahiya alipoichukua.

Baada ya wiki jibu likaja: risasi imeshuka chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Ni ndoo kwa ndoo, si kisima kizima, lakini imeshuka. Silima alijaza gilasi maji yaliyosafishwa, akabisha kwa Pandu.

"Betri zile zilikuwa zangu, Pandu."

"Nnajua. Mbili nilikuletea mimi."

Pandu akanywa taratibu, akaitazama gilasi.

"Matamu. Lakini mbona hayanukii? Bi Shemsa mgonjwa?"

Silima akarudi nyumbani mbiombio kufuata chetezo.