Jani Lililofungwa Kwenye Kulabu ya Loda

Wakuu, jani la kwanza nililikuta asubuhi, limefungwa fundo kwenye kulabu niliyoichomelea kwa mkono wangu mwenyewe.

Jana yake jioni kulabu ile ilikuwa tupu.

Naitwa Vikram. Mhindi wa Moshi, nimezaliwa Moshi, na gereji ya marehemu baba yangu Chandulal ndiyo inayonilisha. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi namjibu hapa hapa, tena kwa ukali, maana swali hilo limenichosha.

Mzee Wenseslaus wa Marangu ndiye aliyeniita kwenye kihamba chake, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Alikuwa na loda kuukuu, mashine ya kuzolea udongo, na kisiki kikubwa mpakani na kihamba cha mdogo wake Antoni. Alitaka baketi ya loda, lile beleshi kubwa la mbele, ipate mahali pa kufungia mnyororo, ili aking'oe kisiki na kujenga.

"Chomelea kulabu moja tu, pale katikati. Chapchap."

"Moja itapinda baketi, mzee. Zinakaa mbili, huku na huku, ukingo wa juu, na bamba nene chini yake. Ukitaka chapchap nenda kanunue chapati."

Akanuna. Nikachomelea mbili. Kazi ikiharibika jina linalotukanwa ni la baba yangu, si la kwake.

Ndiyo asubuhi nakuta jani.

Lilikuwa jani refu la sale, ule mmea wanaoupanda kuonyesha mipaka ya vihamba. Masale nayaona tangu utotoni. Lenye fundo sikuwahi kuliona.

Opareta wa loda, Ebenezeri, mtu wa hapo hapo kijijini, alipoliona akazima injini akashuka.

"Mimi hapa sivuti, mzee. Na sababu unaijua."

Akaenda kukaa mbali.

"Uchawi wa Antoni huo," Mzee Wenseslaus akaninong'oneza. "Ananiroga kwa ajili ya mpaka. Niazime koleo lako."

Akalifungua lile jani kwa koleo, bila kuligusa hata kwa ncha ya kidole, akalitupa migombani.

Aisee, niliogopa. Huyu ndiye anayeongoza sala za jumuiya, leo anaogopa kugusa jani?

Tukaenda kunywa chai. Kurudi, jani lingine. Safari hii kulabu ya pili, na fundo limekazwa zaidi.

Mzee akaomba tena koleo.

Ukungu ulikuwa umeshuka. Ng'ambo ya mpaka, katikati ya migomba, mtu alikuwa amesimama anatutazama. Hasalimii, hasogei.

"Ndiye Antoni?"

"Ndiye."

"Mbona hasemi?"

"Nilimwambia mbele ya ukoo, nikisikia sauti yake au mguu wake ukikanyaga kihamba changu, tutaonana polisi. Achana naye. Panda wewe uvute. Au huiamini kazi yako?"

Hapo alinipata. Niambie lolote, usiniambie kazi yangu siiamini. Nikapanda.

Mnyororo tukaufunga kwenye kulabu zote mbili, ukazunguka kisiki. Nikashusha baketi, nikaanza kurudi nyuma taratibu. Mnyororo ukakaza. Mizizi ikaanza kukatika chini ya ardhi.

Nikamwona Antoni anapunga mikono. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, anapiga kelele, lakini injini ilimeza sauti yote. Nikajisemea, sasa ndiyo ananimalizia kuniroga. Nikakanyaga mafuta.

Nyuma ikashuka.

Haikuteleza wakuu, ilishuka. Ghafla naona ukungu tu juu yangu, mgongo umebanwa kwenye kiti, injini imezimika. Udongo ulikuwa unamwagika nyuma yangu na sisikii unapofikia. Kilichoshikilia loda ni ule mnyororo, na kulabu zangu mbili.

Nikamwita mama yangu. Sioni aibu kusema.

"Usitikisike! Chini ni handaki!"

Antoni alikuwa amevuka mpaka na ngazi. Akaiegemeza, akanishika mkono, akaniteremsha kama mtoto.

Nikageuka kutazama. Magurudumu ya nyuma yalining'inia juu ya shimo jeusi, na hewa baridi ilitoka humo.

"Wazee walichimba wajifiche wakati wa vita," Antoni akasema huku anahema. "Baba alinionyesha mimi kwa kuwa ndiye niliyebaki naye nyumbani. Nilituma watu wamwambie kaka."

Nikamgeukia Mzee Wenseslaus. "Uliambiwa?"

"Nilidhani ananidanganya ili kisiki kibaki."

"Ukanipandisha mimi!"

Akageuza uso.

"Na ule uchawi?" nikauliza.

"Uchawi gani?" Ebenezeri alikuwa amekuja mbio. "Kwetu ukimkosea mtu unampelekea sale lenye fundo. Ni kuomba msamaha. Akishalishika mkononi, kukataa hawezi. Antoni alimtukana kaka yake kwenye msiba wa baba yao. Alitaka asamehewe ili asikilizwe, na kwa kuwa kuja amekatazwa, alikuwa anavizia anayafunga kwenye kulabu."

Nikalitazama koleo langu mfukoni. Kumbe mzee hakuwa anaogopa kurogwa. Alikuwa anaogopa kusamehe.

Antoni akachuma jani palepale mpakani, akalifunga fundo, akapiga goti kwenye tope.

"Kaka, nimekosa."

Mzee Wenseslaus akalitazama lile jani. Halafu akanyoosha mkono. Kwangu.

"Vikram, niazime koleo."

Lilikuwa koleo la baba yangu, mpini wake umelika kwa vidole vyake. Hasira ilinipanda mpaka machozi yakanitoka. Nikalitupa shimoni. Tukasubiri, ndipo likasikika likigonga mwamba kule chini.

Mkono wa mzee ulibaki wazi hewani. Antoni akaliweka jani ndani yake.

Vidole vilikaa vimenyooka, hata nikadhani ataliangusha. Kisha vikafunga, pole pole, na mzee akaanza kulia kwa sauti.

Wakuu, mtu akikwambia ndugu yake ni mchawi, kamsikilize kwanza huyo ndugu, kabla hujapanda mashine ya huyo mtu. Mimi nusura nizikwe kwenye kihamba cha watu kwa sababu ya msamaha uliokataliwa.

Na kulabu za baketi, chomelea mbili.