Miji ya Mwalimu Obiero

Obiero alifundisha kompyuta katika chuo kidogo cha jioni, ghorofani, ng'ambo ya soko la Kibuye, na mwaka 1996 hawakuwa wengi mjini Kisumu walioweza kujivunia kazi ya namna hiyo. Alikuwa na shahada, alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na alikuwa na mchezo. Mchezo huo ulikuwa umeachwa ndani ya mashine moja na Mwingereza wa kujitolea aliyerudi kwao. Mchezaji alifanywa liwali wa Kirumi wa zamani zile, akapewa ardhi tupu kando ya mto, akatakiwa kujenga mji: achimbe visima, atandaze barabara, aweke soko, ghala la ngano, hekalu, na walinzi wa kuzima moto. Watu wadogo kama mchwa walihamia, wakatembea, wakalalamika, wakalipa kodi.

Jumamosi alasiri, wanafunzi wakishaondoka, Obiero alijenga. Wala hakujenga vibaya. Ila kila mji ulipokaribia kunawiri aligundua kosa: soko limekaa mbali na watu, au barabara kuu imepinda mahali ambapo ingenyooka. Kosa likishamwingia machoni hakuweza kuona kingine. Aliufuta mji mzima, akarudi kwenye ardhi tupu, na hapo moyo wake ukatulia. Huenda ardhi tupu ndiyo aliyoipenda. Mwenyewe hakuthubutu kujiuliza.

Mdogo wake, Walter, alimkuta hapo Jumamosi moja ya mwezi wa Machi. Alikuwa ametoka Bondo asubuhi na vumbi la safari lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Mwalimu," alisema, akivuta kiti. "Kumbe huku ndiko ulikofungiwa."

"Omera, ndugu yangu, karibu. Ngoja kidogo, ghala linakaribia kujaa."

Walter alitazama, na kwa muda alivutiwa kwelikweli. "Hawa ni akina nani?"

"Warumi."

"Wote wamejengewa?"

"Karibu wote."

"Hata huyu anayetembea na kikapu?"

"Huyo nyumba yake ile pale, karibu na kisima."

"Basi amenishinda mimi."

Obiero hakucheka. Alijua kilichomleta ndugu yake. Kwa desturi ya kwao, mwanamume mwenye familia hutoka katika boma la baba yake na shoka, jogoo na moto, akaanzisha boma lake, na mdogo hamtangulii mkubwa. Marehemu baba yao aliwaachia mashamba mawili yaliyopakana. La Obiero lilikuwa nyasi tupu; kwa hiyo Walter, pamoja na mke na watoto wanne, alikuwa bado anaishi kwenye ua wa mama yao.

"Nimefyatua matofali mara mbili," Walter alisema. "Ya kwanza yaliyeyuka kwa mvua nikikungoja wewe. Haya ya pili nimeyafunika nyasi, bado hata kuyachoma. Umeyaona mawingu ya huko ziwani?"

"Shamba langu lina mteremko. Nataka kwanza nijue maji yatapita wapi. Boma likishasimama, lango halihamishwi."

"Ulisema hivyohivyo tulipomzika Baba."

Kwenye skrini moshi ulianza kufuka. Nyumba moja ilishika moto, kisha jirani yake. Obiero alikuwa amesahau kuweka walinzi upande wa mashariki.

"Mji wako unaungua."

"Acha uungue. Nitaanza upya."

Walter alisimama kwa ghafla, kiti kikaanguka. "Utaanza upya! Wewe hujaanza hata mara moja, Obiero! Jumamosi ijayo nachukua shoka na jogoo, nakwenda shambani kwangu. Uwe umejenga, uwe hujajenga."

"Utanivuka?"

"Nitakuvuka."

"Na chira?"

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Chira ndiyo laana inayosemwa kuwakausha watoto wa anayevunja utaratibu huo. Obiero alikuwa amewahi kuwaeleza wanafunzi wake, kwa sauti ya msomi, kwamba ni imani tu. Sasa hakuwa na hakika kwamba haiamini. Na usoni mwa Walter aliona mtu anayeiamini kabisa, na atakayekwenda hata hivyo.

"Watoto ni wangu," Walter alisema, akashuka ngazi.

Nyumbani Kaloleni, Beldina alimsikiliza mumewe huku akigeuza samaki kwenye kikaango. Hakumkatiza hadi alipomaliza habari ya mteremko na maji.

"Baba Tom," alisema hatimaye, "kila Krismasi nalala kwa mama mkwe kama bibi harusi wa jana. Nikifa kesho mtanizika wapi? Kwa Warumi?"

Wiki ile Obiero hakuigusa mashine. Ijumaa jioni alishuka Bondo akiwa na Beldina na Tom, mwana wao mkubwa, bila kumwambia mtu neno. Hata Beldina hakujua kama amekwenda kujenga au kubembeleza.

Alfajiri alimkuta Walter amesimama kwenye lango la mama yao, jogoo kwapani, shoka begani. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Nipishe, Mwalimu."

"Rudisha shoka. Leo ni zamu yangu."

"Leo?"

"Mwite baba mdogo."

Walter alilirudisha shoka, lakini jogoo hakumwachia, na hivyo hivyo, jogoo kwapani, akawafuata shambani. Tom alibeba shoka na jogoo wa baba yake, Beldina akabeba moto ndani ya kigae, na baba mdogo, aliyesimama badala ya marehemu, akatangulia.

"Hapa," alisema baba mdogo.

Obiero aligeuka huku na huku. "Tusogee juu kidogo."

Wakasogea.

"Labda kushoto. Hapa maji yatashuka moja kwa moja."

"Kijana, unajenga boma au unapima kanzu?" baba mdogo alifoka.

Jua lilikuwa limechomoza. Walter alipiga hatua moja tu kuelekea shamba lake, kisha nyingine. Obiero aliiona mifupa ya mgongo wa ndugu yake chini ya shati, akamwona jogoo akihangaika. Akachukua jembe, akalipiga ardhini pale aliposimama, mahali ambapo alijua si pazuri.

Nguzo ya kwanza ilisimama. Majirani walikuja, fito zikafungwa, nyasi zikapandishwa juu, udongo ukakandikwa. Nyumba ya siku hiyo haihitaji kuwa nzuri, inahitaji kulalwa. Mwenye boma na mkewe wakilala humo usiku wa kwanza, boma limekuwa boma, na mdogo yuko huru. Wakitoka kabla ya asubuhi, siku nzima imekuwa bure.

Magharibi ilipoingia, mvua ikaja kutoka ziwani. Haikuanza kwa matone, ilimwagika. Maji yalishuka mteremkoni kama Obiero alivyosema siku zote yangeshuka, yakachimba chini ya ukuta mbichi, yakaingia. Beldina aliuinua moto juu ya mawe. Kipande cha udongo kilidondoka ukutani, kisha kingine, na kupitia tundu lile Obiero alimwona mtu anachimba mtaro kwa jembe, shati limemganda mwilini.

"Walter! Matofali yako!"

"Usitoke!"

"Nyasi zimepeperuka, nayaona kutoka hapa. Yatayeyuka yote!"

"Nimesema usitoke! Obiero! Ukitoka nitakuvunja miguu!"

Maji yalikuwa yamefika vifundoni. Ukuta wa upande wa juu ulitoa mlio, na Beldina akaushika mkono wa mumewe, si kwa kumvuta nje wala kumzuia. Obiero aliutazama mlango uliokuwa wazi hatua mbili mbele yake. Kisha akainama, akaegemeza mgongo wake kwenye ukuta uliokuwa ukiachia, akakita miguu matopeni.

"Chimba," alisema. "Sitoki."