Mawe Yenye Namba Nyeupe

Mzee wa mawe amefariki. Mama mwenye nyumba aliyempangisha chumba mtaani Kashai alinipigia simu nikiwa kisiwani Goziba nasubiri boti: "Waitu, mzee wako ametutoka. Ndugu zake wameshakuja kuhamisha vitu." Ningepaswa kusema pole. Naona aibu kukiri, msomaji wangu, kwamba nilichouliza kwanza ni mawe yake yako wapi.

Alikuwa mpimaji wa miamba, na alipostaafu aliendelea kupima bila mshahara. Aliipenda ile iliyopoa taratibu chini kabisa ya ardhi, hata chembe zake zikakua za kuonekana kwa macho. Bukoba mjini tumekalia mawe ya mchanga, kwa hiyo aliifuata mbali, akirudi na mfuko mzito begani. Alikata jiwe, akatandaza juu yake kipande cha wavu wa dagaa, kisha akachungulia kwa lenzi katika kila tundu. Akiona kwatzi, ile inayong'aa kama kioo, aliweka punje ya hindi kwenye sahani. Feldspa, ile nyeupe au ya waridi isiyopenya mwanga, ilipata harage, na madini meusi yalipata buni. Mwisho alihesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyolipa jiwe jina. Kisha alilipaka namba nyeupe na kuandika habari zake daftarini. Miaka yote hiyo alikuwa peke yake.

Siku moja tulikwenda pamoja kuzika Muleba. Wenye msiba walikuwa wameagiza bamba jeusi linalong'aa, na msemaji wa familia akatutangazia kuwa baba yao atalala chini ya granaiti. Rafiki yangu akainama na lenzi yake mbele ya waombolezaji wote. "Hii ni gabro," akasema. "Haina kwatzi. Granaiti bila kwatzi hakuna." Msemaji akamjibu, "Tata, sisi tumefiwa, wewe unatuletea shule?" Tuliondoka bila kula. Njiani nilimgombeza, naye akaniambia kwa upole kwamba rangi haitoi jina, na kwamba marehemu pia alistahili kusemewa kweli.

Mwaka huu alinionyesha miguu yake iliyovimba. "Mwandishi, mimi siendi mbali. Nitafutie shule itakayoyapokea haya mawe. Barua moja tu." Nikamwahidi kuandika wiki ileile. Niliandika kuhusu barabara, nikaandika kuhusu uchaguzi, nikaandika kuhusu watu ambao sasa hata siwakumbuki. Kila alipouliza nilimwambia asubiri kidogo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia halikuwa langu.

Nilifika Kaagya wameshamzika kwenye kibanja cha baba yake, chini ya migomba. Kaburi lilikuwa limejengewa, zege bado bichi. Pembeni, penye saruji haba, niliona alama nyeupe, nikapiga magoti. Ilikuwa namba kumi na saba. Mawe mengine yote yalikuwa ndani, yamepondwa kwa nyundo. Kaka yake mkubwa alinishika bega. "Mdogo wetu alikuwa mtu wa mipango," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia kweli. "Alijikusanyia mawe ya kaburi mapema, asitusumbue. Na sisi tumemwagizia granaiti, ile nyeusi kabisa." Kaka yule alikuwa amempa mdogo wake heshima yote aliyoijua. Nikasema ni nzuri.

Daftari alinihifadhia mama mwenye nyumba wa Kashai. Kila ukurasa una namba, na kila namba inaelekeza kwenye jiwe ambalo hakuna mtu atakayelitazama tena. Nimejaribu kutafuta faraja humu, sikuipata. Nililojifunza ni dogo na limechelewa: elimu ya mtu mmoja ikikosa wa kuipokea, hata wanaompenda wataiponda wafanye kokoto. Barua ile niliiandika jana. Ilinichukua robo saa.