Kiraka Chini ya Raba

Niliendesha. Nianze na hilo, maana nimelikana kwa miaka thelathini na mitano: mbele ya nyanya, mbele ya wajomba, na mara moja, Mungu anisamehe, nimeweka mkono juu ya msahafu bila hata kuombwa kiapo. Ile baiskeli ya gurudumu moja ya kaka yangu, niliyosema sijawahi hata kuigusa, niliiendesha karibu kila adhuhuri kwa kiangazi kizima. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, gauni nimelikunja kiunoni, na miguuni nimevaa raba zake.

Kilichonikumbusha ni rundo la viatu katika soko la mitumba hapa Nairobi, wiki iliyopita. Binti ya kaka yangu anakaa nami kwa ajili ya shule, na shuleni kwao kuna chama cha sarakasi. Wenzake wamechagua kuruka kamba na kurusha mipira. Yeye, katika michezo yote aliyoumba Mungu, amechagua gurudumu moja. Mwalimu akatuma ujumbe kwamba kila mtoto aje na viatu imara, visivyoteleza. Ndiyo maana nikawa nimechutama kwenye vumbi, mwanamke mwenye shahada mbili na goti moja lisilopenda kuchutama, nikashika kiatu, nikakigeuza na kuanza kukikagua soli kwa ukucha.

Muuzaji akanitazama. "Mathe, hicho ni kiatu, si samaki. Hakuna haja ya kuangalia mashavu."

Wateja wakacheka, nami nikacheka nao, nikakirudisha haraka chini, soli ikikaa ardhini. Mkono wenyewe ulifanya hivyo. Sisi tuliolelewa na nyanya yangu hatuwezi kuacha kiatu kimegeuka.

Ngoja nikueleze. Nyumbani kwetu Garissa viatu vyote vilikaa mlangoni, na nyanya alikuwa na sheria juu yake. Kiatu kikilala soli juu, alisema, unamwelekezea Mola uchafu uliokanyaga. Alikuwa akipita na fimbo yake, akivilaza sawasawa kimoja kimoja, na kwa kila kimoja "Astaghfirullah" yake. Siku za Idd, wageni wakijaa, alikuwa na kazi ya mtu mzima mlangoni pale. Tulikua tukijua kupanga viatu kama askari wa gwaride. Lakini hakuna aliyejua chini ya kiatu cha mwenzake kuna nini, na hilo, kwa mtoto mwenye jambo la kuficha, lilikuwa neema kubwa.

Asubuhi zetu zilianza na sauti ya donge la mkate wa anjera likipigwa ndani ya ndoo, kisha harufu ya chai ya maziwa na hiliki, kisha mikokoteni ya punda ikigongagonga mapipa ya maji kutoka mtoni. Mbuzi walipotoka, kazi yangu ilikuwa kufagia samadi zizini, kuosha vyombo, na kumpelekea fundi chai.

Fundi alikuwa mtu wa Masalani, aliyekuja mjini na sanduku la spana. Alitengeneza baiskeli chini ya mabati yaliyoegemea ukuta wa ua wetu, kwa ruhusa ya nyanya. Kisomali chake kilitosha kununulia sukari na kuulizia maji, na Kiswahili cha nyanya kilikuwa na b mahali pote penye p, lakini wawili hao walielewana vizuri kuliko ndugu wengi ninaowajua. "Fundi, kunywa shai, itaboa," nyanya alikuwa akimwita kutoka ndani. "Nakunywa, mama," naye hujibu, na chai ilikuwa imekwisha zamani.

Ile baiskeli aliiunda kutokana na mabaki ya baiskeli ya muuza maji iliyokanyagwa na lori. Kaka yangu, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikuwa amewaona wanasarakasi waliopita shuleni, na tangu siku hiyo hakulala. Alimkalia fundi kichwani wiki nzima. Fundi akachukua gurudumu la nyuma, akachomelea pedali moja kwa moja kwenye kitovu, akaweka uma na kiti juu, akasema, "Kuanguka ni kwako. Mimi nimemaliza."

Tatizo lililobaki lilikuwa viatu. Kandambili zilibaki nyuma kila alipokanyaga, na mguu mtupu ulichanwa na meno ya pedali. Viatu vya plastiki vilijaa jasho, na ndani yake mguu ukaogelea. Akala za tairi tulidhani ndizo jibu, kwa sababu haziishi. Fundi akatikisa kichwa. Akala ni ngumu mno, alisema, mguu haujui pedali iko wapi, ni kama kushika sindano umevaa glavu. Akampeleka kaka kwenye mitumba ya sokoni akamfundisha kuchagua, nami nikiwafuata nyuma na bilauri tupu ya chai. Soli iwe bapa, isiwe na kisigino. Iwe ya mpira kutoka juu hadi chini, isiwe sponji. Kiatu kifunike fundo la mguu, na kamba ziwe fupi zisije zikaingia kwenye pedali. Kisha bonyeza kwa ukucha. Alama ikibaki, mpira ni laini, pedali itaula. Ukucha usipoingia kabisa, utateleza. Unataka ule unaobonyea kisha ukarudi.

Wakapata raba nyeusi za kitambaa, zenye soli ya mistarimistari kama shamba lililolimwa. Kaka alizipenda raba zile hadi akaenda nazo duksi, kwenye masomo ya Kurani. Wenzake walipokuwa wakisoma aya, yeye alikuwa akitazama mlangoni.

Na mimi nilizipenda. Adhuhuri, joto lilipolaza mji mzima, nyanya akikoroma kwenye mkeka na fundi amejifunika kofia usoni, nilizijaza raba vitambaa kwenye ncha ili zinitoshe. Nikaivuta baiskeli nyuma ya zizi. Sina maneno ya kisomi ya kueleza nilichohisi nilipokwenda hatua kumi bila kushika ukuta. Sijawahi kuipata tena hisia ile, hata siku ya mahafali. Msichana wa kwetu kupanda baiskeli, tena ya aina ile, kulikuwa na maana ya kuchapwa na kuozeshwa mapema, au angalau ndivyo nyanya alivyotishia. Kwa hiyo nilipanda kimyakimya, na niliposikia adhana ya alasiri nilizirudisha raba mlangoni, soli chini, zikiwa nadhifu kuliko nilivyozikuta.

Lakini mguu mdogo ndani ya kiatu kikubwa hukanyaga mahali pasipo pake. Pedali ilikula soli ya mguu wa kulia katikati, chini ya unyayo, mistari ikafutika, kisha siku tatu kabla ya Idd kikatokea kitundu cha ukubwa wa kifungo.

Ningesema. Hapa ndipo ningesema. Badala yake nilipopeleka chai nilichota gundi ya viraka ya fundi kwenye kifuniko cha chupa, nikakata kipande cha tyubu, nikakibandika. Nilijivunia kazi ile. Ilikuwa safi, imekaa vizuri. Sikujua kwamba mpira wa tyubu, ukiingiwa na vumbi, huteleza kama bamba la kioo, na kwamba gundi ya fundi huyeyuka kwa joto mpira usipopigwa msasa kwanza. Mtoto aliyekuwa akimtazama fundi kila siku hakuwa amemtazama vizuri.

Siku ya Idd, baada ya sala, watu walijipanga pande mbili za barabara karibu na soko la mbuzi. Kaka alipanda, kanzu ameifunga kiunoni. Akaenda vizuri, mikono ameitandaza, wazee wakicheka, vijana wakimpigia miluzi. "Huyo ngamia wako amepoteza miguu mingapi?" mmoja akamwuliza, naye akajibu bila kugeuka, "Mitatu tu, adeer, huu mmoja unatosha." Ndilo neno lake la mwisho nililomsikia akilisema mguu wake wa kulia ukiwa mzima. Mguu ule uliteleza kwenye pedali, akaangukia mawe ya mtaro uliokuwa ukijengwa. Nilisikia mfupa. Nilikuwa mbali na bado nilisikia.

Fundi ndiye aliyemfikia kwanza. Alimbeba hadi kwetu, akamlaza mlangoni, akaifungua raba ya kulia taratibu. Akaigeuza. Kiraka kilikuwa kimening'inia kwa upande mmoja kama ulimi, na gundi yake mwenyewe ikivuta nyuzi. Akakitazama, kisha akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama na bilauri ya maji. Halafu akakiweka kile kiatu chini, soli ikikaa ardhini, kama nyanya anavyopenda.

Nyanya alitoka akauliza, "Nini imevunjika?"

"Mguu, mama. Bole," akasema fundi, akimsemesha kwa lafudhi yake, na hilo ndilo jambo pekee siku ile lililonifanya nilie.

Mganga wa mifupa aliufunga ule mguu kwa vijiti na kuulaumu mwezi. Wajomba walimlaumu fundi. Walisema pedali ilikuwa mbovu, chuma cha ajali kina balaa, na mgeni asiye na mtoto hapa hajali watoto wa wenzake. Waliniuliza, maana nilikuwa karibu naye kila siku: je, nimewahi kuiona pedali ikilegea? Nikasema nadhani ndiyo. Wakaniuliza kama nimewahi kuigusa. Nikasema hapana, wallahi, sijawahi. Mmoja akasema wasiniulize zaidi, mimi ni mtoto mkweli.

Baada ya hapo hakuna aliyempelekea fundi baiskeli. Nyanya alimtumia chai siku mbili kisha akaacha, na siku ya tatu nikaosha ile bilauri nikaiweka kabatini. Kabla wiki haijaisha alifunga spana zake kwenye gunia akaenda zake Masalani, akiuacha ukuta wetu na alama nyeusi za mafuta. Raba nilizitupa shimoni.

Siku hizi nikienda Garissa naona vioo na taa mahali pale, wanauza simu. Zizi ni gereji ya magari. Nyanya hayupo, na mlangoni viatu vya wajukuu vimelala hovyo, chali na kifudifudi, wala hakuna anayemwomba Mola msamaha kwa niaba yao. Kaka ana duka la nguo na anaburuta mguu. Anasema unamsaidia kujua mvua itakuja lini, na mvua yenyewe haiji. Mimi huandika makala. Mbili kati yake zinahusu uaminifu, na moja ilisomwa kwenye redio.

Basi nikazinunua raba pale sokoni: soli bapa, mpira mtupu, mistari mirefu, ukucha unaingia na kurudi. Nilipofika nyumbani nilizigeuza, nikapiga picha ya soli, nikamtumia kaka. Nilimwandikia kwamba bintiye anataka kupanda gurudumu moja, na kwamba sitamruhusu bila yeye kujua jambo moja. Nikamweleza lote, pamoja na kiraka na gundi. Niliandika kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kisomali nisingeweza. Kisha nikaona ameusoma ujumbe, na alasiri nzima ikapita.

Alipiga simu baada ya magharibi.

"Abaayo, asalaam aleikum. Hizi raba zimekaa vizuri."

"Umesoma?"

"Nimesoma. Fundi aliniambia."

"Alikuambia lini?"

"Siku ile ile, alipokwisha kunivua raba na kukiona kiraka. Aliniambia sikioni, tulia, usimtaje dada yako, ni mtoto, atasema mwenyewe. Nikanyamaza. Nikangoja useme kesho yake. Kisha keshokutwa. Kisha akafunga gunia."

Nikamwuliza fundi yuko wapi. Nilikuwa tayari nimeshaanza, kichwani mwangu, kupanga safari ya Masalani, nimeshamnunulia sukari na majani ya chai.

"Unakumbuka uliposhuka kwa harusi ya binamu, nikakuambia naenda Masalani kuangalia mbuzi? Hakukuwa na mbuzi. Nilikwenda kumzika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza kama utakuja nami. Ukasema joto."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesema hivyo hivyo, nikijipepea na kitabu.

"Nisamehe," nikasema.

"Mimi? Mimi nilikusamehe kabla vijiti havijafunguliwa," akasema kaka. "Yangu ilikwisha. Ya fundi siyo yangu, abaayo, siwezi kukupa." Nikasikia mteja akimwita dukani, naye akimwambia angoje kidogo. "Mtoto mwache apande. Lakini kila asubuhi kabla hajatoka, zigeuze uangalie chini."

Akakata.