Madonge ya Uzi ya Eduviges

Eduviges alizaliwa chini ya kilima cha mawe ya chokaa, nje kidogo ya mji wa Cadereyta. Utotoni mwake kilima kile kilijaa madungusi madogo meupe, ya duara, yenye miiba, yasiyozidi kidole gumba. Watu waliyaita madonge ya uzi. Mwezi wa tatu yalichanua maua ya waridi, kila ua kubwa kuliko mmea wenyewe. Eduviges aliamini ndani ya mawe amekaa mwanamke anayesokota uzi, na akicheka, kicheko chake hutokeza juu kuwa ua.

Kisha wakaja wageni wenye magari, wakiyanunua. Mumewe, Hilarión, akayang'oa kwa magunia. Eduviges hakumzuia, maana paa lilikuwa linavuja. Hilarión alipofariki, kilima kilishakuwa kipara. Yalisalia matatu tu, aliyoyaficha ndani ya kopo nyuma ya zizi, mumewe asijue.

Asubuhi moja akalichukua kopo, akapanda kilimani. Shoga yake Chona akamkuta amepiga magoti mawe yakimchoma.

"We Vige, mbuzi wamekula akili zako? Unazika nini?"

"Nayarudisha kwao."

"Matatu? Mumeo kakomba kilima kizima, we waja na matatu!"

"Nisaidie maji basi, mdomo upumzike."

Chona akacheka, akaenda kuchota.

Kila yalipochanua, Eduviges alikaa juani tangu asubuhi, akigusa ua hili na lile kwa kishungi cha manyoya ya mbuzi, maana nyuki walikuwa adimu. Joto lilipocheza juu ya mawe, aliona kilima kizima cheupe kama zamani, akasikia uzi ukisokotwa chini yake.

Mwaka wa sita akatokea mwanamume mwenye buti safi.

"Shikamoo bibi. Yale madungusi meupe yako wapi?"

Eduviges alikuwa ametandaza mtandio wake juu ya yale matatu.

"Yaliisha, mwanangu. Mume wangu ndiye aliyeyamaliza."

Kabla ya hapo hakuwahi kulitamka neno hilo kuhusu mumewe. Mgeni alipokwisha kwenda zake, alilia mpaka kifua kikawa chepesi. Akauinua mtandio. Kando ya yale matatu, katika nyufa, kulikuwa na vidoti vyeupe kama punje za chumvi. Akainamisha uso hadi pua ikagusa jiwe. Vilikuwa na miiba.

"Chona!" akapaza sauti kuelekea bondeni. "Chona, njoo uone!"

"Njoo wewe!" sauti ikajibu. "Mbuzi wako wamo kwenye mahindi yangu!"